Nilimteremsha Mama kutoka kwenye mwamba

Alhamisi, mjini Baraka. Mvua imekatika, jua limerudi na hasira. Nimeomba ruhusa shuleni, nimeketi kwenye ngazi za nyumba ya Mama, naandika haya kwenye simu.

Acha niseme moja kwa moja: nimekosea, na kosa langu lina kuta nne na bati juu.

Miaka mitatu iliyopita Mama alikuwa anakaa kule juu kwenye mawe, mahali alipojenga marehemu Baba. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe kubwa lenye ufa, mkono unaingia. Mimi, mwalimu wa jiografia kule Fizi, yule wanayemwita madame, niliuangalia ule ufa nikajiona nimegundua mambo. Nikamwambia Mama kwamba jiwe ndilo linalopasuka, mchanga unameza mtikisiko kama godoro. Tukabomoa, tukateremsha bati, tukajenga huku chini karibu na mto, ambako jembe linaingia bila kelele. Jirani yake, Mama Rehema, naye akashuka. Kila aliyewauliza, hata kanisani, walimjibu: "Madame alisema."

Madame alisema! Ee Mungu wangu.

Jumanne ardhi ilitikisika. Nilikuwa darasani Fizi, juu ya mwamba. Chaki ilibingirika mezani, wanafunzi wakapiga kelele, kisha wakacheka. Nami nilicheka. Saa sita simu ikalia: ukuta wa Mama umefunguka toka dirishani mpaka chini. Yeye alikuwa shambani, Mungu asifiwe. Tetemeko ni lile lile moja.

Tangu hapo nasoma, kwa aibu, mambo niliyopaswa kuyasoma kabla ya kubomoa nyumba ya watu. Kumbe ule ufa ulikuwa wa jua na mvua tu. Mipasuko inayoleta tetemeko inaenda mbali, chini ya ziwa na chini ya milima. Pande mbili za mwamba zinasukumana, zinang'ang'aniana miaka na miaka bila kusogea, halafu siku moja zinaachiana. Hapo hakuna wa kuzuia. Lakini mtikisiko ukipita kwenye mwamba mgumu unapita haraka. Ukiingia kwenye mchanga wenye maji, unapunguza mwendo na kuvimba. Mpishi yeyote angeniambia: gonga meza, bugali unatulia, uji unacheza.

Mi nilimtoa Mama kwenye bugali nikamweka kwenye uji.

Leo nimemwambia yote. Alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, na aliendelea kuchambua, jani kwa jani, hata nikadhani hajanisikia. Kisha akasema:

"Ile siku ulinishikaka mukono, ukaniambia hapa nitalala bila woga. Na nililalaka, mutoto wangu. Miaka tatu nililalaka muzuri."

Basi. Afadhali angenitukana.

Akainuka, akaniita nishike upande wa pili wa godoro. Tumelitoa nje, tumefunga turubai kwenye miti miwili. Atalala hapo mpaka tupate namna ya kurudi juu, na namna yenyewe bado siijui. Nilipokuwa nakaza kamba ya mwisho akaniuliza, bila kunitazama:

"Na Mama Rehema? Ye angali analala mu nyumba."

Kweli. Na wanafunzi wangu wote wameandika kwenye madaftari yao kwamba mchanga unameza mtikisiko. Kesho nitasimama mbele yao niwaambie wafute. Hilo nitaliweza, hata wakinicheka.

La Mama Rehema ndilo linalonishinda. Nyumba yake haikupata hata mkwaruzo. Jana alimwambia Mama kwamba ni kwa sababu alifuata maneno yangu yote, hata kipimo cha msingi. Nimeinuka mara mbili kwenda kwake, mara mbili nimekaa.

Namwona toka hapa. Anafagia kibaraza chake. Ameniona, ananipungia fagio.

"Madame! Karibu, ingia ndani!"

Naweka simu mfukoni. Nitamwomba atoke nje kwanza.