Onyo Nililokataa Kulifuta

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini goti limepungua kuuma, na migomba ya nyuma ya nyumba imesimama tena baada ya ule upepo. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Ujerumani nimeizoea. Kukosa katogo lako la ndizi na maharage bado.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini. Ndani kabisa ya kompyuta kuna programu inayoendesha nyingine zote. Zikitaka kujua muda, zinaiuliza hiyo. Sasa zimetengenezwa njia mpya za kuuliza, na mimi ndiye ninayeandika maelezo yake ili mafundi wasikosee.

Juzi niliandika onyo: saa anayoonyeshwa mtu inaweza kurudi nyuma ghafla, programu isiiamini peke yake, ipo saa nyingine ya ndani inayokwenda mbele tu. Nikatoa mfano wa simu iliyo karibu na mpaka. Mkuu wangu akasoma, akacheka.

"Futa hilo. Nani anaishi mahali ambapo saa inarudi nyuma?"

"Mama yangu."

"Maelezo haya ni ya mafundi, si ya mama yako."

Nikakumbuka kipaimara changu. Sisi watoto tulilala usharikani, wazazi mje asubuhi, kila mmoja asimame nyuma ya mwanawe. Simu yako, pale mlimani kwetu Kyerwa, ilikuwa imedaka mtandao wa Rwanda, ambako saa iko nyuma ya yetu, na kurudi nyuma saa nzima. Ukaendelea kumenya ndizi za sherehe ukijua muda upo. Mchungaji aliponiwekea mikono, nyuma yangu alisimama shangazi. Ulipofika ukihema, alikwambia mbele ya watu, "Wifi, ungesema nikuletee jogoo wa kukuamsha." Nami sikukutetea, nilikuwa nimekununia. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nimemwandikia mkuu kwamba onyo lile silifuti. Akitaka, alifute kwa mkono wake, na jina langu aliondoe kwenye ukurasa wote. Mkataba wangu unaisha mwezi huu, na anayeamua kuuongeza ni yeye. Nalijua hilo. Wakinirudisha nitarudi, tutachuma kahawa pamoja, na bado nitakuwa sijalifuta.

Msalimie Baba, na mjomba fundi baiskeli. Shangazi msalimie pia, kisha umsomee hapa: siku ile Mama hakuzembea. Alifuata saa aliyopewa.

Safari hii nimesimama nyuma yako mimi,

Kemilembe