Nyama ya Kayla

Jumamosi, 10 Januari
Nimetoka kiwanda cha mikate asubuhi. Mgongo umegoma. Nililala sakafuni nusu saa, kisha nikapika pilau, maana Jumamosi Kayla huja.

Neema, binti wa dada yangu, anasoma chuo kikuu. Chuo kimempa msichana wa sekondari amshike mkono kwenye masomo na mambo ya jiji. Mpango ni wa watoto wa wenye nchi hii, waliokuwepo kabla ya Wazungu kuja. Kayla ni wa kabila mojawapo la hao, Mwojibwe. Kijijini kwao, kaskazini kabisa, hakuna sekondari, kwa hiyo anaishi na shangazi yake hapa Scarborough. Haongei. Tangu Oktoba nimesikia sauti yake mara nne, na mbili alikuwa anapiga chafya.

Leo nikafikiria utani. Mimi ni Mnyamwezi. Babu zetu walipita nchi ya Wazaramo na mizigo kichwani, na mpaka leo sisi na wao ni watani. Tunatukanana, tunanyang'anyana chakula hata msibani, hakuna anayenuna. Mimi nimeingia nchi ya kina Kayla, mwaka wa tisa huu, sijabisha hodi. Basi ni watani. Hesabu rahisi.

Nikachukua nyama kubwa kwenye sahani yake, nikala. Nikamwambia kwa Kiingereza changu kwamba ni haki yangu.

Aliitazama sahani. Akavaa koti. Akaondoka.

"Mjomba!" Neema alipiga kelele. "Hawa watu wamenyang'anywa nchi nzima, halafu wewe unamnyang'anya nyama!"

Sikuwa nimelitazama hivyo.

Jumapili, 11 Januari
Neema anajaza fomu ya chuo. Lazima aeleze kilichotokea. Kuna mahali pa kuandika aina ya tukio. Amepakodolea macho saa nzima. Mwishowe ameandika: nyama.

Hasemi nami. Naona aibu. Na kusema kweli, nyama ilikuwa laini.

Jumatano, 14 Januari
Mambo yameharibika. Shangazi yake Kayla amempigia Neema simu. Msichana amekata tiketi ya basi, anarudi kwao kesho kutwa. Mtihani wa hesabu ni tarehe 28. Akiukosa, muhula wote umepotea. Shangazi anasema akiondoka hatarudi, kaka yake Kayla alifanya hivyo hivyo. Neema anasema si nyama peke yake, alianza kukumbuka kwao tangu Krismasi. Lakini nyama imo.

Mimi niliacha shule darasa la sita. Hakuna aliyenifukuza. Niliamka siku moja, sikwenda, nikaingia shamba la tumbaku. Ni rahisi mno. Hilo ndilo linanitisha.

Kazini nimeunguza trei mbili.

Jumamosi, 17 Januari
Kayla amekuja! Hakubisha hodi. Amekatiza sebuleni na viatu vyenye theluji, akakalia kiti changu, kile kimoja tu ambacho mgongo wangu unakikubali. Akaongea kuliko miezi yote iliyopita.

Alimsimulia bibi yake kwa simu. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Kumbe kwao pia watu hutaniana hivyo, anayekutania ni anayekupenda. Kayla alidhani mimi ni mlafi tu. Bibi ametuma ujumbe: "Muulize huyo mzee, kipande kimoja tu? Wageni wenzake walichukua mpaka mito. Mwambie hajui kazi."

Nilicheka mpaka mgongo ukanikamata.

Neema akauliza habari ya tiketi, kwa sauti ndogo. Kayla akasema basi limeondoka jana bila yeye. Bibi amemwambia huwezi kumkimbia mtu aliyekutania kabla hujamrudishia. Itaonekana umeshindwa, tena na mpika mikate.

Akavuta sahani yangu, akaimaliza yote. Neema akafungua kitabu cha hesabu haraka, kabla mtu hajabadili mawazo.

Jumanne, 20 Januari
Mtani ana haki zake. Kayla aliondoka na kofia yangu ya sufu. Leo nimengoja basi masikio wazi, nimeyashika kuhakikisha bado yapo. Nimemlaani njia nzima. Nina furaha.

Jumapili, 25 Januari
Wamesoma tangu asubuhi. Nilipeleka chai, nikaona x imejaa kila mahali. Kayla akaniuliza x ni nini. Nikasema ni mfanyakazi aliyetoroka zamu, lazima umtafute yuko wapi. Akasema x ni mimi, hakuna ajuaye thamani yake.

Neema alicheka sana. Msaliti.

Jumatano, 28 Januari
Mtihani ulikuwa asubuhi. Niliomba ruhusa kazini, nikasema mgongo. Si uongo kamili.

Walirudi mchana. Kayla alikuwa kapauka. Amejibu yote isipokuwa maswali mawili. Hakuna aliyetania. Tulikula wali na maharage, kijiko kwa kijiko.

Kisha akatoa karatasi mfukoni, fomu ya kuendelea na mpango mpaka Juni. Akaijaza polepole kwa kalamu ya Neema. Watu wa kupigiwa simu ikitokea dharura: wa kwanza shangazi yake. Nafasi ya pili akafikiri kidogo, akaandika: Bw. Mjomba.

Anadhani ndilo jina langu. Neema akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Kayla akaniomba namba. Nikaitaja taratibu, tarakimu moja moja, asije akakosea.