Darasa la Kembabazi

Jumatano, 8 Julai 1953

Darasa la ubatizo leo: mtu mmoja. Kembabazi, mke wa Muhangi mwenye ng'ombe. Wengine wamehama kufuata majani, kama kila kiangazi. Masika nawafundisha Amri Kumi, kiangazi wanaondoka na tano! Mwaka wa nne huu niko hapa, na sijamfikisha mtu kwenye maji ya ubatizo. Hata mmoja!

Jirani yangu Mama Verdiana, Mkatoliki, alipita na mkungu wa ndizi kichwani akachungulia kanisani. Akauliza, Walutheri wenzako wamejificha chini ya mabenchi au vipi? Nikamwambia wanakuja. Akacheka mpaka mkungu ukayumba. Mimi sikucheka.

Lakini Kembabazi anajua. Imani anaisema yote bila kukwama, na ukimuuliza maana anaeleza kwa maneno yake mwenyewe. Mchungaji Byabato anakuja Jumapili ya tarehe 19 kumsaili na kumbatiza. Mwaka jana alisema wazi: asipopatikana Mkristo, kituo kitafungwa, nami nitapelekwa kwingine. Haya, safari hii yupo mmoja. Bwana, huyu mmoja tu nipe.

Ijumaa, 10 Julai

Nimekwenda kwa Muhangi kumshukuru kwa kumruhusu mkewe. Amenikaribisha vizuri, hata utani kanitania. Kembabazi akaniletea maziwa kwenye kyanzi, kile chombo chao cha mti kinachonukia moshi.

Na asubuhi nilikuwa nimekula maharage! Mwiko wao naujua — aliyekula maharage hanywi maziwa siku hiyo, ng'ombe atadhurika kiwele. Nilikumbuka kyanzi kikiwa tayari mkononi. Kukataa maziwa ya mtu nyumbani kwake nako ni matusi. Nikanywa. Nikajiambia, mwiko tu huo, Mungu ndiye aliyeumba maharage na ng'ombe pia.

Jumatatu, 13 Julai

Ng'ombe wa Muhangi ameugua kiwele! Tena yule yule aliyetoa maziwa niliyokunywa. Anakamuliwa damu. Jamani! Ng'ombe wote wale, kwa nini yeye, na kwa nini wiki hii? Ugonjwa wa kiwele upo hata kwetu Bukoba, hata kwenye mazizi ya watu wasioonja maharage. Nani atanisikiliza?

Kembabazi hakuja darasani.

Alhamisi, 16 Julai

Muhangi amekuja mwenyewe. Hakuingia ndani. Alisimama uani na fimbo yake, nikampa shikamoo, akaitikia vizuri tu. Halafu akauliza: siku ile, kabla ya maziwa, nilikula nini?

Neno moja tu lilitakiwa! Ndizi. Ningesema ndizi, Kembabazi angebatizwa Jumapili. Wala usingekuwa uongo mtupu, maana ndizi nazo nilikula. Nilishafungua mdomo kusema ndizi. Nikasema kwa heshima, kama mtu kwa baba yake: Maharage, tata. Na mwiko wenu nilikuwa naujua.

Akasema basi, mkewe hatakuja tena huku. Akaondoka polepole, hata kufoka hakufoka. Heri angefoka.

Msema kweli mpenzi wa Mungu — haya, mpenzi wa Mungu kabaki na mabenchi yake! Nina hasira na Muhangi. Nina hasira na yule ng'ombe. Na mimi mwenyewe, kwa kunywa. Na wewe pia Bwana, niseme tu, kwani hujui? Ungepungukiwa nini kukilinda kiwele kimoja?

Jumapili, 19 Julai

Mchungaji amefika na baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi. Tumengoja, tumengoja. Ibada tumesali wawili. Mama Verdiana akitoka kwenye misa yao alisimama mlangoni, akatuona, akainamisha kichwa akapita. Leo hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi.

Nilimweleza Mchungaji yote. Hakunigombeza. Akasema mvumilivu hula mbivu. Mbivu zipi, Mchungaji? Nimeuliza hivyo hivyo, kwa sauti! Baada ya chakula akasema kituo kinafungwa, nifungashe, mwisho wa mwezi nikafundishe shule ya wasichana. Kesho alfajiri anaondoka.

Jumatatu, 20 Julai

Ameondoka. Nimefunga vitabu kwenye kanga. Sijasali.

Jumanne, 21 Julai

Kembabazi yuko kanisani sasa hivi ninapoandika!

Amekuja asubuhi, amevaa kisafari. Wanahama leo. Ng'ombe wameshatangulia kuelekea Murongo, na huenda wakavuka mto hadi Uganda. Nikadhani katoroka. Nikamuuliza, Muhangi anajua? Anasema Muhangi ndiye aliyemleta, anamngoja njiani. Eti siku zote hizi alikuwa akiwaza, na jana usiku akamwambia: yule mwalimu wako angenidanganya nisingejua. Kama dini yenu ndiyo inamfanya mtu ajiseme hivyo, nenda kabatizwe, mimi sikuzuii.

Na ng'ombe bado mgonjwa!

Na Mchungaji kaondoka jana. Jana! Bwana, hivi unanifanyia nini?

Nikamwambia Kembabazi atafute mchungaji huko waendako. Akasema kwa heshima ya kwao, waitu Mwalimu, huko nani ananijua? Aliyenifundisha ni wewe. Nikamweleza utaratibu: asiye mchungaji haruhusiwi kubatiza, isipokuwa mtu yuko katika hatari ya kufa. Akajitazama mikono yake, akasema basi ana bahati mbaya, ni mzima kabisa. Halafu hakubishana tena. Akaingia kanisani akapiga magoti.

Nikimbatiza, Mchungaji atanifukuza hata huko shuleni, na haki yake. Nisipombatiza, miaka minne yote nilikuwa naomba nini? Muhangi anapiga mluzi huko njiani. Ng'ombe hawasubiri.

Nimemwambia Kembabazi naenda nyumbani kutafuta bakuli. Bakuli liko hapa mezani, nimeshalijaza maji, nami nimekaa naandika.