Hodi ya Jirani

Mama yangu,

“Hakuna mlango uliovunjwa. Mwenyewe alisema karibu.” Ndivyo alivyosema juzi Athumani, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, matangani mwako, huku akinywa kahawa yetu. Kweli, ulisema karibu. Lakini hodi aliipiga nani?

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Polisi walikuwa wakisaka wageni wasio na vitambulisho Likoni nzima, nawe Mpemba wa ng'ambo ya mpaka, ingawa mume uliyemfuata huku ulikwisha kumzika hapa hapa. Tulitia komeo tangu asubuhi. Ulikuwa ukikanda unga iliposikika sauti ya Athumani: “Hodi humo, Bi Time.” Ukaitikia karibu, ukafungua kabla sijakushika mkono. Nani kwetu humwacha jirani nje?

Wakaingia watatu na bunduki. Athumani alibaki nyuma yao, akitazama miguu yake.

“Kaeni kitako, wanangu,” ukasema. “Hata maji hamjanywa.”

“Kwani mama, tumekuja posa?” mmoja akacheka.

“Wa posa huvua viatu.”

Kicheko kikamkauka. Akaniwekea mtutu kifuani, akadai vitambulisho.

“Mwache huyo, kazaliwa hapa,” ukasema. “Mgeni ni mimi.”

Wakakuchukua na unga mikononi, wakakurudisha Pemba. Baada ya miezi minane ulirudi Likoni, lakini neno karibu hukurudi nalo. Ikipigwa hodi ulinyamaza, hata ikiwa yangu, mpaka niseme, “Ni mimi, mama.”

Wiki iliyopita nilipiga hodi, ukanyamaza. Nikakaa kizingitini nikipepeta mchele kabla ya kusema ni mimi, nikidhani ni kimya chako kile kile. Nilikaa sana, mama. Nilipoingia ulikwisha kupoa.

Athumani atasema naye alishikiwa bunduki. Namwamini, najua mtutu unavyomfanya mtu. Simlaumu kwa hodi ile. Namlaumu kwa kukutwika wewe kosa, na sasa huna mdomo wa kumjibu.

Pumzika, mama. Kujibu niachie mimi.

Nawe Athumani, pamoja na nyinyi mlioitikia kwa vichwa kumkubalia: njooni arubaini ya mama. Mlango nitauacha wazi. Lakini wewe, Athumani, usiingie kabla hujasema mbele ya watu wale wale kwamba hodi ile ilikuwa yako.

Ni mimi, mama,
Binti yako