Rangi Uliyonitumia

3 Februari

Mjukuu wangu,

Hujambo huko? Mikono, miguu, tumbo, vyote vipo? Mimi mzima, ukiacha magoti, nayo nimeshayazoea. Anayeandika ni jirani yetu fundi cherehani; mimi nasema tu. Nimemwambia asipambe.

Ile rangi ya nywele uliyonitumia kutoka saluni kwenu imefika, na fundi akanipaka. Kichwa cheusi tii! Leo muuza duka kasahau shikamoo, kaniita dada. Nimenunua chumvi na chumvi ninayo.

Ila fundi anasema mwandiko wako siku hizi umelegea kama wa mlevi. Kuna nini?

Bibi yako

26 Februari

Bibi yangu kipenzi,

Shikamoo. Pole na magoti. Mimi sijambo. Habari ya muuza duka imenichekesha mpaka wateja wakageuka. Mwandiko ni haraka tu. Vidole vinaniwasha kidogo, nadhani ni sabuni. Vichwa vya kupaka rangi ni vingi, na bosi ameahidi Juni atanipa kiti changu mwenyewe. Kioo changu, wateja wangu! Unajua nilivyokingoja.

Nimekutumia pakiti nyingine, mvi zisije zikakuumbua.

Mjukuu wako

30 Aprili

Wewe mtoto,

Salamu zako nimepata. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikuwa na macho.

Safari hii rangi ilianza kuwasha ikiwa bado kichwani. Nikavumilia, namfikiria muuza duka. Asubuhi paji la uso limevimba, limeshuka hadi puani, macho yamezibwa. Fundi aliponiona akapiga kelele. Huko zahanati, muuguzi akaniuliza nimepaka nini. Nikasema maji. Akacheka: “Bibi, maji gani haya yameacha masikio meusi?”

Akanieleza kwamba mwili wangu umeikataa rangi hiyo. Mara ya kwanza ulinyamaza, mara ya pili umepigana, ya tatu huenda ukanikaba pumzi. Nisiiguse tena, hata tone. Nimepona, usianze kulia.

Kisha akauliza imetoka wapi. Nikajidai: mjukuu wangu anaishika kila siku! Akauliza, “Mikono yake ikoje?” Nikakumbuka ule mwandiko wako.

Sasa nakuuliza wewe. Sabuni usinitajie. Nitumie picha ya mikono, uso naujua.

Bibi yako

17 Mei

Bibi,

Shikamoo. Pole sana, Bibi yangu. Picha ndiyo hiyo. Vidole vimepasuka, vinatoa maji, hata kalamu inaniuma. Nimekwenda kwa daktari, kasema yaleyale ya muuguzi wako, na kwamba zile glavu zangu nyembamba rangi inazipenya. Nilinyamaza kwa sababu asiyepaka rangi hapati kiti.

Na wewe nilikutumia sumu, nikidhani nakuonjesha kazi yangu.

Mjukuu wako

2 Juni

Mjukuu wangu,

Umeamkaje? Picha nimeiona. Fundi amelia. Mimi nimekasirika, kwa hiyo keti usikilize.

Kusuka ulijifunzia kichwani kwangu, ukinivuta mpaka machozi, wala hapakuwa na rangi. Mwambie bosi utasuka na utakata. Rangi apake mwingine. Akikataa, kiti akikalie mwenyewe. Mikono hiyo nimeinawisha mimi tangu ikiwa midogo kama vijiko. Sikuinawisha ije ichubuke kwa ajili ya kiti cha mtu.

Na neno sumu ulifute. Ulinipa raha, nikaitwa dada.

Fundi amekata nywele nyeusi zote. Nyeupe zinaota. Muuza duka karudia shikamoo. Nimemwitikia kwa sauti, duka zima wakasikia.

Bibi yako

28 Agosti

Bibi yangu,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Samahani kwa ukimya. Nilikuwa nangoja nyufa za vidole zifunge.

Bosi alikataa. Nilisimama mbele ya kile kiti siku nzima, Bibi, nakitazama tu. Jioni nikachukua vitana vyangu nikaondoka. Sasa nasukia kwenye veranda ya rafiki yangu mmoja. Kigoda kimoja, kioo kimemeguka pembeni. Rangi haipiti mlangoni. Wateja walikuja wawili, wakaleta dada zao.

Muulize fundi, mwandiko ukoje?

Nafika Ijumaa. Nywele ziache zikue, na fundi asikuguse kichwa. Hicho ni changu.

Mjukuu wako