Mita ya Salehe Imepona

Alhamisi, jioni. Mapinga.

Jua na mawingu vimeshindana kutwa nzima leo, na hapana aliyeshinda. Mvua haikunyesha. Upepo wa baharini ulifika na unyevu wake hadi huku kwetu, na shuka nililoanika asubuhi bado lina ubaridi nikiligusa.

Sijaandika hapa tangu Kwaresima. Binti yangu, aliyenifungulia ukurasa huu kutoka Mwanza, husema kwamba mtu anayeishi peke yake hana budi kuongea na kitu fulani, hata kama ni kompyuta. Sikumjibu siku ile. Leo namjibu kwa kuandika.

Mtaa wetu ni wa watu wanaokuja kulala. Walinunua viwanja, wakajenga, wakazungushia kuta, na kila siku kabla hakujapambazuka magari yao huelekea Dar es Salaam. Hurudi giza likiwa limeingia. Mchana nabaki mimi na mbwa wao. Ninawajua mbwa kwa majina, kwa kuwa huitwa kwa sauti. Wenye mbwa siwajui.

Nilizaliwa Bagamoyo mjini, nikafundisha umeme na kusimamia maabara katika shule ya ufundi hadi nilipostaafu. Marehemu mume wangu ndiye aliyependa kiwanja hiki. Chumba cha mbele nilikifanya cha kazi: meza chini ya dirisha kubwa, taa, chuma cha kulehemu, na makopo ya vipuri niliyoyakusanya kwa miaka. Zamani mafundi walikuwa wakiniletea mita zao za kupimia umeme hata kutoka Tegeta. Siku hizi mtu mita yake ikiharibika hununua nyingine, nami siwalaumu.

Aliyebaki ni Salehe.

Salehe ni fundi wa umeme wa jua, anakaa Zinga, mtu wa makamo mwenye watoto na maneno mengi kuliko nyaya zake. Mita yake ni nzuri, ya zamani kidogo, na haiuzwi tena madukani. Majuma mawili yaliyopita mwenzake kazini aliichomeka kwenye soketi ya ukutani ilhali ilikuwa imewekwa kupima nyaya zisizo na umeme. Salehe alisema haikutoa hata moshi. Tangu siku hiyo ikawa inasema uongo.

Nitaeleza kwa wasiojua. Ndani ya mita, karibu na pale umeme unapoingilia, huwekwa diodi mbili za kinga. Kazi yake ni kukaa kimya. Umeme mdogo ukipita, hazishughuliki nao. Ukija mkubwa kwa bahati mbaya, zinaupokea na kuumwaga pembeni ili sehemu nyingine za ndani zisiungue. Diodi za Salehe zilifanya kazi yake. Zilipokea kipigo, mita ikasalimika, zenyewe zikabaki nusu hai. Hazikukatika wala hazikuungua, bali zilianza kuvuja. Umeme mdogo mno ukawa unapita mahali ambapo hapakupaswa kupita kitu. Basi Salehe akipima waya mzima, mita inamwambia kwamba waya unavuja. Alikwisha kung'oa waya mzuri wa mteja juu ya paa ndipo alipotambua kwamba inayovuja ni mita.

Siku alipoileta niligundua kasoro kabla hajamaliza habari za nyumbani kwake.

"Sasa Mwalimu, hizi madiodi zinapatikana?"

"Diodi hizi."

"Haya, diodi hizi. Wewe Mwalimu, hata muadhini akikosea utamteremsha mnarani."

Sikucheka mbele yake. Nilicheka alipoondoka.

Niling'oa diodi mbovu, nikaweka mpya kutoka katika kopo langu: ndogo, za kioo, safi, hazijawahi kutumika. Nikapima rezista, kipuri cha kuzuia umeme, ambayo thamani yake naijua kama ninavyoijua tarehe ya kuzaliwa kwangu. Mita ikasoma pungufu. Nikasubiri, ikasoma sawasawa. Nikaenda kuzima jiko, niliporudi imepungua tena.

Nikasema ni unyevu, maana hewa ya huku ina chumvi. Nikaisafisha bodi kwa spiriti na mswaki, nikaianika juani dirishani ikauke. Ikasoma vibaya kuliko mwanzo. Nikabadilisha diodi tena, kutoka kopo lile lile. Hali ikawa ile ile. Nikalehemu upya viungo ambavyo havikuwa na tatizo lolote. Nikasafisha miwani yangu. Nikaanza kuitazama mikono yangu.

Hofu hiyo sikumwambia mtu. Nilijiambia kwamba labda wakati umefika, labda sioni tena ninachokishika, na kwamba nikishindwa na diodi mbili hakuna fundi atakayegonga geti langu tena.

Jumatatu Salehe alipita kuuliza. Nilimwonyesha mita ikiwa imefunguliwa mezani. Akainama juu yake, na ikasoma sawasawa.

"Mbona nzima hii?"

Akasimama wima. Ikapungua. Akainama. Ikasoma sawasawa.

"Mwalimu, inanipenda. Ikiniona inatulia."

"Acha upuuzi, Salehe."

"Mke wangu hajawahi kutulia hivi nikimwinamia."

Nilimwambia atoke nje na mzaha wake. Hakutoka. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akasimulia habari za mteja wake mmoja aliyetaka paneli zifungwe chini ya mwembe ili zisipate joto, na mimi nikasikiliza hadi mwisho. Alipoondoka niliona kwamba jua lilikuwa limeshahama upande wa pili wa nyumba. Sikumbuki mara ya mwisho mchana kunipita hivyo.

Jana alikuja tena, na safari hii hakuwa na mzaha. Kuna kazi Saadani, kijijini: friza za kuhifadhia samaki zinafungiwa umeme wa jua. Gari la mafundi linaondoka kesho, Ijumaa, alfajiri.

"Bila mita ya kuaminika sipandi, Mwalimu. Huko kila kitu ni chumvi, na kazi yenyewe ni kupima kipi kinavuja na kipi hakivuji. Nisipopanda, yupo mwingine amekaa na begi lake tayari."

"Na ile mita uliyoazima?"

"Mwenyewe keshaichukua." Akaitazama mita mezani. "Tufunge tu mfuniko, tujaribu hivyo hivyo."

Nikamkaripia. Nilimwambia kwamba chombo hakifungwi mpaka kimesema kweli kikiwa wazi, kwamba nimewafundisha vijana hivyo maisha yangu yote, na kwamba fundi anayefunga mfuniko juu ya uongo ni mwongo wa pili.

"Haya, Mwalimu. Ukitaka uniweke kwenye kona nipige magoti."

Aliondoka taratibu. Sikulala vizuri.

Leo niliketi mezani baada ya kifungua kinywa, mita wazi mbele yangu, rezista ile ile imeshikwa na koleo za mita. Sikugusa kitu. Nilikuwa sina tena la kufanya, kwa hiyo nilitazama tu. Namba ilikuwa chini. Kisha ikapanda taratibu mpaka ikafika mahali pake. Ikatulia. Kisha ikaanza kushuka.

Nikainua macho. Wingu lilikuwa linaondoka juani.

Niliweka kiganja changu juu ya bodi bila kuigusa. Namba ikapanda. Nikaondoa kiganja. Ikashuka. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtoto anayewasha na kuzima taa.

Diodi zangu ni za kioo. Kioo hupitisha mwanga, na diodi ikipata mwanga huzalisha umeme kidogo wa kwake yenyewe, kama zile paneli ambazo Salehe hufunga juu ya mapaa ya watu. Kila nilipokaa dirishani nione vizuri, nilikuwa nazilisha jua. Nilipoianika bodi ikauke, nilizilisha zaidi. Salehe alipoinama, aliziba mwanga kwa kichwa chake. Hakuna kilichokuwa kinavuja. Mikono yangu ilikuwa mizima tangu siku ya kwanza.

Na mfuniko ungefungwa siku yoyote kati ya hizi, ndani kungekuwa giza, na mita ingesema kweli.

Nilizivua diodi, nikazivisha kila moja mpira mweusi ule unaosinyaa kwa joto, nikazirudisha. Nikawasha tochi ya simu na kuielekeza juu yake kwa karibu. Namba haikutikisika. Nikafungua mapazia yote. Haikutikisika. Ndipo nikafunga mfuniko na kukaza skrubu zote nne.

Furaha yangu ilidumu kwa muda wa kukaza skrubu.

Baada ya hapo nilikaa nimeshika simu. Naandika jambo hili kwa sababu nimejiapia kutoandika hapa uongo. Nilikuwa na namba ya Salehe mbele ya macho yangu na sikuibonyeza. Niliwaza kwamba ningeweza kumwambia kipuri hakijapatikana. Asingepanda gari. Angepita Jumatatu kuuliza, angekaa kwenye kiti kile, angesimulia. Angekasirika kidogo, kisha angesahau. Salehe si mtu wa kuweka kinyongo. Niliyapanga maneno kabisa, sentensi nzima, sahihi, haina kosa. Nilishangaa jinsi ilivyokuja kwa wepesi.

Mtaani hapakuwa na sauti yoyote. Hata mbwa walikuwa wamelala.

Nilimfikiria yule mwingine aliyekaa na begi lake tayari. Niliwafikiria watoto wa Salehe, ambao sijawahi kuwaona ila nawajua mmoja mmoja, nani anaogopa hesabu na nani ameng'oka jino.

Nikampigia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mita yako ni nzima. Njoo uichukue."

Nikasikia anamwambia mtu aliye karibu naye, "Nilikuambia mimi! Nilikuambia!" Halafu simu ikakatika kabla sijaagana naye.

Nilichemsha chai ya tangawizi. Nilitoa vikombe viwili, nikavifuta ingawa vilikuwa safi.

Alifika alasiri kwa pikipiki. Hakuizima. Alipima rezista yangu pale pale getini, akapima waya aliokuja nao mfukoni, akapima tena, kisha akaibusu mita yake kama mtu aliyekutana na ndugu. Nilimweleza habari za jua na kioo. Sidhani kama alisikia nusu yake. Lakini haki ni haki, kwa hiyo nilimwambia pia kwamba jana kuhusu mfuniko alikuwa sahihi, na mimi nilikosea.

Hilo alilisikia.

"Rudia, Mwalimu."

"Umesikia."

"Basi uiandike huko kwenye mtandao wako, dunia ione."

Nimeiandika, Salehe.

"Zima pikipiki uingie unywe chai," nilisema. Nadhani ni mara ya kwanza kumkaribisha kwa maneno. Zile siku nyingine alikaa mwenyewe bila kukaribishwa.

"Mwalimu wangu, begi sijafunga, mke wangu analia na kucheka kwa pamoja, na hapo bado sijanunua viatu. Nikirudi, Mungu akipenda."

"Utarudi lini?"

"Kazi ikienda vizuri, miezi mitatu. Ikienda vizuri zaidi, nahamia huko huko nawaita na watoto." Akacheka. "Mita hii sasa haiharibiki tena, eeh?"

"Kwa kasoro ile, haitaharibika."

"Najua. Kazi yako haina marudio."

Alilisema kwa heshima kubwa. Akaitia mita ndani ya shati lake, karibu na tumbo, akafunga vifungo, akaondoka. Nilisimama getini hadi vumbi lilipotua. Nilimwombea safari njema, nikamwombea na kazi, na sikudanganya katika maombi hayo.

Chai nimekunywa yote, kikombe kimoja baada ya kingine, kwa kuwa si vizuri kumwaga sukari.

Sasa meza iko tupu. Najiuliza swali moja tu, nalo nisingependa mtu mwingine aniulize: kama ningejua tangu siku ile ya kwanza kwamba ni mwanga tu, na kwamba kuziba kioo ni kazi ya muda mfupi kuliko kuchemsha chai, je, ningemwambia?

Ningemwambia. Naamini ningemwambia.

Lakini ninashukuru sikujua.