Nakungoja Barabara

12 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mikono yako inaendeleaje na yale maji ya moto ya kufulia? Mama anasema ujipake mafuta, usione aibu. Sisi wazima, ila mgongo wake unamsumbua tangu kazini wamhamishie zamu ya kusimama. Mimi sijambo, nimechoka tu. Ni uchovu wa mtu anayesifiwa bure.

Tuna bendi. Kishindo anapiga ngoma, Twiga anapiga gitaa, nami natunga na kuimba. Mazoezi tunafanyia stoo ya shule, katikati ya viti vibovu, ndiyo maana tunaitwa Sauti za Stoo. Kila anayetusikiliza anasema "safi sana" huku anatafuta mlango ulipo. Mama anasema nzuri, lakini Mama hata chai akisahau kuitia sukari anasema nzuri. Mwezi huu unaokuja tunaimba ukumbini mbele ya shule nzima, na mimi unanijua: nikiitwa jina darasani natamani sakafu ipasuke.

Wewe umepiga gitaa kwenye harusi za watu miaka yote ile. Kwenye flashi hii kuna nyimbo tatu. Sikiliza uniambie ukweli, usinionee huruma. Ningekupigia, lakini kwenye simu mimi huwa bubu.

Mpwa wako


1 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mikono ipo, ngozi ndiyo inayokuja na kuondoka. Mwambie dada mafuta nimenunua. Hapa ni mashuka asubuhi, mashuka jioni. Hoteli ina wageni, na wageni wana tabia ya kulala. Nyimbo zako nimezisikiliza kwenye chumba cha kukaushia, mashine zikinguruma, maana kule hakuna anayeniita.

Umesema nisikuonee huruma. Haya, kaa vizuri.

Wa kwanza ni koti la kuazima. Kila kitu kimo isipokuwa nyinyi wenyewe. Uacheni. Wa pili una uhai, ila huyo Kishindo wenu anakimbia kama aliyeacha chungu motoni. Mwambie wimbo hauendi popote bila yeye.

Wa tatu, "Nakungoja barabara". Hapo nilicheka mpaka mwenzangu tunayekunja naye mashuka akauliza kulikoni. Umeivuta "ra" ya kwanza! Barabara ya kupita watu, sauti hukaa kwenye "ba" ya pili. Ukivuta pale ulipovuta wewe, si njia tena. Umesema "sawasawa", "kikamilifu". Kwa hiyo binti wa wimbo wenu hayuko njiani. Anangoja sawasawa, kama askari wa gwaride. Ulianza kuutunga kwa lugha ya darasani, Kiingereza, sivyo? Mshono unaonekana. Kiswahili kina mwendo wake, mama. Usikivishe kiatu cha mwingine halafu ukishangae kinachechemea.

Sauti yako lakini ni ya kweli. Hiyo sina la kuikosoa.

Mjomba wako


20 Machi

Mpwa wangu,

U mzima? Kimya kimezidi. Dada kaniambia unakula, unasoma, ila ukitajwa muziki unatoka chumbani. Kama nilikukata sana, niwie radhi. Mkono uliozoea kukamua mashuka haujui kushika nguo laini. Mliimba?

Mjomba wako


2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini kifua hakikusumbui na joto la hizo mashine. Sikukasirika. Niliogopa kuandika, maana nilijua nikianza nitasema yote.

Umeotea. Maneno huja kwanza kwa lugha ya darasani, halafu nayavua na kuyavisha Kiswahili. Nakwambia wewe tu.

Tuliimba. Wimbo wa kwanza tuliuacha, Twiga akanuna. Wa pili Kishindo alijifunga kitambaa mkononi kimkumbushe kutulia, akatulia kweli. Wa tatu nilibadilisha tuni kama ulivyoelekeza, tukafanya mazoezi mpaka koo likakauka. Kisha nikapanda jukwaani, nikajisikia naimba tuni ya zamani, na kosa lake. Mtu akapayuka kutoka nyuma, "Ngoja barabara, dada, usisinzie!" Ukumbi mzima ukacheka. Nikaimba hadi mwisho, sijui kwa miguu ya nani.

Lakini Mjomba, umeusikiliza wote ukaona "ra" tu. Hukuuliza anayengojwa ni nani. Ni wewe. Siku ile ya mwaka jana uliyosema unarudi niliomba ruhusa shule, nikasimama barabarani na gitaa lako ulilotuachia tangu asubuhi, mabasi yakishusha watu wa wenzangu. Mama akaja kunichukua jioni. Baadaye ukasema likizo imeahirishwa. Mwaka huu umesema tena unakuja.

Ukweli wa nyimbo umenipa. Nipe na huu: unarudi?

Mpwa wako


28 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Mpe pole dada kwa mgongo.

Nilijua ni mimi. Nilijua tangu pale kwenye wimbo unapotaja gitaa lenye waya mmoja uliokatika. Ndiyo maana nikaikimbilia "ra". Kulisahihisha neno ni rahisi kuliko kulijibu.

Likizo haikuahirishwa. Sikuiomba. Vidole hivi havikunjiki tena, maji yamevimaliza. Kikombe nakishika kwa mikono miwili kama mtoto. Uliyemsindikiza alikuwa mpiga gitaa. Nikaona aibu kukuletea mtu mwingine.

Mwaka huu siji. Wa mbele yake siahidi, nimechoka kuahidi, nawe umechoka kuahidiwa. Umeomba ukweli, nami ndio huo nilio nao.

Mjomba wako


9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mgongo wa Mama una nafuu. Barua yako nilimsomea. Akaenda kutafuta mafuta mengine, makali zaidi. Yamo ndani ya kifurushi hiki.

Mimi nililia kidogo, halafu nikaenda stoo. Gitaa lako nimelitia waya mpya. Ukija nitapiga mimi, wewe utakaa kwenye kiti kimoja kibovu unikosoe. Kwa kazi hiyo vidole havihitajiki, masikio yanatosha. Kishindo anasema ulete ulimi wako wote, ameshajiandaa.

Tuni ya zamani ya wimbo wa tatu siibadilishi tena.

Nakungoja barabara. Kwenye karatasi sauti haionekani, Mjomba, kwa hiyo vuta unapotaka.

Mpwa wako